Kasisi William Jones wa Rabai: Miaka Thelathini ya Kusomea Utumishi



Wapendwa katika Kristo, kijitabu cha sherehe ya kwaya hakikosi ukurasa wa historia, na wetu mtausoma mbele: tulianza watu wangapi, sare ya kwanza ilishonwa na nani, na siku ile umeme ulipopotea katikati ya wimbo wa mashindano nasi tukaendelea kuimba gizani. Lakini katika jubilii hii ya miaka 25 kamati iliona vema tuweke pia maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia zamani sana hapa pwani. Sababu yake ni jambo ambalo wengi wenu mnalijua tayari.

Mwaka huu mwenzetu mmoja wa sauti ya tatu alipata nafasi ya kusomea shahada ya huduma na uongozi wa jamii ya Kikristo. Alileta barua yake kwa kwaya kwa adabu, akaomba tumshike mkono katika karo. Siku hiyo mazoezi yalichelewa kuanza kwa saa nzima. Wako waliosema mwito wa Mungu hautoki darasani, na kwamba mitume walikuwa wavuvi. Wengine walikumbusha kwamba pesa za jubilii tulikubaliana ni za kinanda kipya, maana hiki cha sasa kina vidole vitatu visivyolia. Wengine nao walisema kanisa lisilosomesha watu wake litaongozwa siku zote na watu wa kuazima. Hakuna aliyesema upuuzi. Ndiyo maana ndani ya kijitabu hiki mtakuta bahasha mbili badala ya moja, na kila mtu atatoa kama moyo wake utakavyomwongoza.

Kabla ya kufungua bahasha, tunawaomba msome habari za Kasisi William Henry Jones wa Rabai. Jina lake ni maarufu katika historia ya Kanisa Anglikana pwani, ila sisi wa kisiwani tumezoea kulisikia likipita kwa sentensi moja tu, nyuma ya jina la Askofu Hannington. Leo tumpe nafasi yake.

MTOTO ALIYEUZWA

William Jones si jina alilopewa na mamaye. Alizaliwa bara, mbali na bahari, kabla ya katikati ya karne ya 19, wakati misafara ya watumwa ilipokuwa ikiteremka pwani mwaka baada ya mwaka. Aliibwa akiwa mtoto. Kama ilivyokuwa kwa maelfu ya watoto wengine, alipitia mikononi mwa wanunuzi hadi akapakiwa katika jahazi la kuvuka Bahari ya Hindi.

Miaka ile manowari za Uingereza zilikuwa zikivizia majahazi ya watumwa baharini. Watoto waliookolewa hawangeweza kurudishwa kwao, kwa sababu wengi hawakujua kutaja kijiji chao, na wale waliojua wangeibwa tena njiani. Basi wengi walipelekwa Bombay, katika nchi ya India. Huko shirika la kimishenari la Kianglikana, CMS, lilikuwa na shule na makao, na kituo kilichokuja kujulikana zaidi ni Sharanpur, karibu na mji wa Nasik. Waliolelewa huko ndio historia huwaita Waafrika wa Bombay, na William Jones ni mmoja wao.

Hebu tufikirie hali ya watoto wale. Lugha ya mama ilikuwa ikiwapotea ulimini. Walijifunza Kiingereza na lugha za India, wakasoma Biblia, wakaimba tenzi za kanisa, na mchana wakafundishwa kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Walimu wao hawakutenganisha kitabu na nyundo. Mtu aliyefuzu pale aliweza kusoma zaburi asubuhi na kutengeneza bawaba ya mlango mchana. Jacob Wainwright, yule aliyekuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa David Livingstone kutoka bara hadi pwani, kisha akausindikiza hadi mazishi yake London mwaka 1874, alitoka katika shule hizo hizo.

KURUDI AFRIKA BILA KURUDI NYUMBANI

Mwaka 1864 Jones alifika Mombasa, pamoja na wenzake George David na Ishmael Semler. Walitumwa kumsaidia mzee Johannes Rebmann kule Rabai. Kituo cha Rabai kilikuwa kimefunguliwa na Johann Ludwig Krapf na huyo Rebmann mwaka 1846, miaka 18 kabla yake. Krapf alikuwa ameondoka kwa sababu ya afya, na makaburi ya mkewe na mtoto wake yakabaki upande wa Nyali. Rebmann alibaki akitunga kamusi, na waumini wake walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Sisi wa Mbaraki tukitaka kwenda Rabai leo ni safari ya asubuhi moja: tunatoka kisiwani kwa Makupa, tunapita Changamwe, tunafika Mazeras, kisha tunakata kulia. Wakati huo ilikuwa safari ya mtumbwi kwenye mkono wa bahari, kisha kupanda mlima kwa miguu. Juu ya mlima ule ndipo Jones alipoanza maisha yake ya utu uzima.

Wala msidhani alipokelewa kwa vigelegele. Kwa Warabai alikuwa mgeni. Ngozi ilikuwa kama yao, lakini alivaa suruali, alizungumza Kiingereza, na hakuwa na ukoo wala kaya. Kwa waungwana wa mjini Mombasa alikuwa mtumwa aliyekombolewa, na jina hilo halikuwa na heshima. Kwa wamishenari wenyewe alikuwa msaidizi. Kila upande ulimwona nusu tu ya alivyokuwa.

Hapo ndipo masomo yake ya kweli yalipoanzia. Hakukuwa na chuo cha theolojia pwani yote hii. Jones alijifunza kwa kufundisha. Alikuwa mwalimu na katekista. Aliwafunza watu wazima herufi za kwanza, akawaandaa kwa ubatizo, akasuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Kiswahili ilibidi akijifunze akiwa mtu mzima, na pia lugha ya watu waliomzunguka, maana huwezi kumwombea mgonjwa kwa lugha asiyoielewa mama yake.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Miaka miwili baadaye, mwaka 1875, CMS ilianzisha kijiji cha watumwa walioachiliwa huru, ng'ambo ya kisiwa chetu, kikaitwa Frere Town. Tunapopita Kengeleni na kuiona ile kengele kando ya barabara, tunaiona alama ya kijiji hicho. Watu waliongezeka upesi, Frere Town na Rabai pia. Walihitaji mashamba, sheria, shule, mazishi na ndoa. Kwa ghafla Waafrika wa Bombay, waliokuwa wasaidizi wa wazee wawili juu ya mlima, wakawa ndio uti wa mgongo wa jamii nzima.

USHEMASI MWAKA 1885

Mwezi Januari 1885 alifika Askofu James Hannington, askofu wa kwanza wa eneo lililoitwa Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Alikuwa na umri wa miaka 37, mwepesi wa mwendo na mwepesi wa kucheka. Moja ya mambo ya kwanza aliyoyaona ni kwamba kanisa hili lilikuwa na watu waliokwisha kufanya kazi ya uchungaji miaka mingi pasipo kuwekewa mikono.

Siku ya Jumapili ya Utatu, tarehe 31 Mei 1885, aliwaweka William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi. Hawa ndio Waafrika wa kwanza kupewa daraja hilo katika kazi ya CMS pwani yetu. Tupige hesabu kidogo: kutoka 1864 hadi 1885 ni miaka 21. Mtoto aliyezaliwa Jones alipotua Mombasa alikuwa sasa ni mtu mzima mwenye ndevu. Miaka yote hiyo Jones alikuwa darasani, ingawa darasa lenyewe halikuwa na kuta, na mtihani wake ulikuwa unakuja wiki chache baadaye.

SAFARI YA KWA SUNDU

Tarehe 23 Julai 1885 Askofu Hannington aliondoka Rabai kwenda Uganda. Alitaka kufungua njia fupi ya kupitia Umaasaini, badala ya ile ndefu ya kuzunguka kusini mwa ziwa. Alikuwa na msafara wa wapagazi wapatao 200, na mwenzake wa huduma alikuwa mmoja tu: Shemasi William Jones.

Walipita Taita, Ukambani, Ukikuyu na nchi ya Wamaasai. Kila hatua ilikuwa na bei yake ya nguo na shanga, na maji yakikosekana msafara wote ulinyamaza. Mwanzoni mwa Oktoba wakafika Kwa Sundu, mahali tunapopajua leo kama Mumias. Hapo askofu akakata shauri la kutangulia na watu 50 tu, waliobaki wamngoje na Jones. Tarehe 12 Oktoba wakaagana.

Ambalo askofu hakulijua ni kwamba kule Buganda, Kabaka Mwanga na wakuu wake walikuwa na hofu kubwa juu ya wageni watakaoingia kwa mlango wa mashariki. Hannington alikamatwa Busoga. Baada ya siku kadhaa za kifungo, tarehe 29 Oktoba 1885, akauawa pamoja na watu wake. Wanne tu ndio waliofaulu kurudi kwa Jones na kusimulia.

Hebu tukae na Jones hapo Kwa Sundu kwa dakika chache, maana ndipo maisha yake yote yalipopimwa. Yuko mamia ya maili kutoka Rabai. Ana watu wapatao 150 chini yake, wote wana njaa na hofu. Kiongozi amekufa. Hana barua ya kumwambia afanye nini wala mkubwa wa kumuuliza. Ana ushemasi wa miezi mitano. Wapagazi wanataka kukimbia usiku huo huo, kila mtu na roho yake.

Jones hakukimbia. Aliwashika watu wake pamoja. Alingoja wiki kadhaa, asije akatokea mwingine aliyeokoka akakuta kambi tupu. Alipoona hakuna tena wa kungojwa, akawageuza kuelekea pwani. Njiani na kambini aliandika shajara, na habari nyingi ambazo ulimwengu unazijua kuhusu mwisho wa safari ile zimetoka katika maandishi ya mkono wake. Askofu Mwingereza ana vitabu na makanisa yenye jina lake. Aliyeyafanya hayo yajulikane ni yule mtoto aliyeuzwa.

Tarehe 4 Februari 1886 msafara uliingia Rabai. Watu walitoka kuwalaki. Mbele ilipepea bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Anayekumbuka kitabu cha kwanza cha Samweli anajua jina hilo alipewa mtoto gani, na siku gani ya msiba katika Israeli. Jones hakuhitaji kuhubiri siku hiyo, kwa maana wajane walioisoma bendera, au waliosomewa, walielewa.

Tunaona ni vema kusema hili waziwazi. Uongozi ni jambo tunalolizungumza sana katika semina zetu, na tunaandika malengo yake ubaoni. Lakini hakuna semina iliyomfundisha Jones jinsi ya kurudisha nyumbani watu waliofiwa na kiongozi wao. Alilipata wapi basi? Tunaamini alilipata Rabai, katika ile miaka 21 ya kugawa mbegu, kusikiliza mashtaka ya majirani na kufungua darasa hata siku ambayo amekuja mwanafunzi mmoja. Mtu hujengwa kidogo kidogo mahali pasipo na makofi, kisha siku moja hutolewa nje akaonekana.

WATORO WA RABAI

Jones alirudi katika kazi yake Rabai, na huko kulikuwa na jambo jingine zito. Kwa miaka mingi watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakipanda mlima kuomba hifadhi. Amri ya shirika ilikuwa wasipokelewe, kwa sababu sheria ya nchi iliwahesabu kuwa mali ya watu, na kuwapokea kungeleta vita. Amri hiyo ilikuwa na hoja yake. Lakini aliyesimama mlangoni wa kuitekeleza alikuwa ni mtu aliyeibwa akiwa mtoto.

Ilipofika mwaka 1888 ikadhihirika kwamba watoro walioishi Rabai na vituo vya jirani ni mamia kwa mamia, wakilima, wakisali na kuoana. Jones na wenzake walikuwa wamewaacha wakae. Wenye watumwa walikasirika na mji ukachafuka. Mwishowe George Mackenzie, wakala wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alikubaliana na wenye mali walipwe fidia. Tarehe 1 Januari 1889, siku ya mwaka mpya, watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru kule Rabai.

Hatumwandiki Jones kama mtu asiye na kosa. Wakuu wake walilalamika kwamba mambo haya yalifichwa, na mtu anaweza kuona walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini tukiyasoma haya tunauliza pia: kiongozi wa jamii ya Kikristo hufanya nini, kanuni ikisema hapana na mtu mwenye makovu ya pingu amesimama mlangoni usiku? Tunasikia kwamba maswali ya namna hii ndiyo yanayofundishwa siku hizi katika masomo ya huduma ya jamii: sheria, wakimbizi, mashamba, upatanisho. Jones aliyajibu kabla hayajawa na jina la somo.

UKASISI, NA DHARAU

Mwaka 1895 Askofu Alfred Tucker aliwaweka Jones na Semler kuwa makasisi. Ilikuwa miaka kumi tangu ushemasi wao, na miaka 31 tangu kufika Mombasa. Mashemasi wetu wa leo hungoja mwaka mmoja hivi, na akingojeshwa miwili tunaanza kuuliza kuna nini.

Tungependa kusema kwamba baada ya hapo heshima ilimfuata. Haikuwa hivyo. Miaka ile vijana waliokuja kutoka Uingereza walizidi kuongezeka, na wengi walifika na mawazo kwamba Mwafrika, hata awe na mvi, ni wa kusimamiwa. Waafrika wa Bombay walilipwa kidogo kuliko wageni, na waliwekwa chini ya watu waliozaliwa wakati wao wakiwa tayari wanabatiza. Mtu aliyeongoza msafara kutoka Kwa Sundu hadi pwani angeweza kuamrishwa juu ya funguo za ghala na mtu aliyeshuka merikebuni mwezi uliopita. Jones naye aliingia katika mvutano huo na wamishenari, na haukuwa mdogo. Lakini kazi yake katika kanisa la pwani haikufutika.

Hapa ndipo tunapoliona fundisho lililotufanya tumchague yeye. Jones alikuwa na mwito, hakuna awezaye kulikana. Elimu alikuwa nayo, ya kitabu na ya maisha, na daraja pia akapewa. Alichonyimwa ni kimoja: kanisa lililo tayari kumpokea jinsi alivyokuwa ameandaliwa. Walimfundisha kuongoza, kisha wakashangaa alipotaka kuongoza. Kosa hilo si la Wazungu wa zamani peke yao. Hata sisi tunaweza kumsomesha kijana wetu, akarudi na cheti, tukampa kazi ya kupanga viti.

SHULE ILIYOFUATA

Mwenye kulia gizani huwa anasafisha njia ya wengine. Mahitaji yale yale yaliyomfanya Jones ajifunzie kazini yalilisukuma kanisa kuanzisha shule ya theolojia kule Frere Town. Chuo kikuu cha St. Paul's cha Limuru huhesabu mwanzo wake pale, mwaka 1903. Mwaka 1930 shule hiyo ilihamia Limuru. Baadaye Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti waliiunganisha iwe chuo chao cha pamoja, na mwaka 2007 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kwa hiyo mtu akisema kwamba shahada za huduma ni mambo ya Nairobi, mwambieni mbegu yake ilipandwa ng'ambo ya daraja la Nyali, matatu moja kutoka mjini.

Hapa Mombasa kwenyewe tuna pia chuo cha theolojia chenye jina la Bishop Hannington, na kanisa kuu letu lililofunguliwa mwaka 1905 linalihifadhi jina la askofu huyo katika kumbukumbu zake. Hakuna ubaya, alitoa uhai wake. Lakini kila tukilitaja jina hilo katika maombi, tukumbuke kwamba kuna mtu aliyebaki kambini na watu 150, akawarudisha wake zao waume, na akawarudishia watoto baba zao.

SISI TUNASEMA NINI

Kwaya ni shule. Wengi wetu tulijifunza kusoma nota hapa, tukajifunza kusimama mbele za watu hapa, na wengine tulijifunza kusamehe hapa, maana hakuna mahali pa kukosana kama katika kwaya. Wanaosema mwito hautoki darasani wana haki, na maisha ya Jones yanawaunga mkono: kabla ya mtu yeyote kumwita mchungaji alikuwa amekwisha kuchunga miaka 21. Mwenzetu aliyeleta barua naye tumemwona kwa miaka tisa akifungua mlango wa mazoezi, akiwatembelea wagonjwa na kuwafundisha watoto wa Jumapili. Hatumpeleki shuleni akatafute mwito, huo anao.

Na wanaosema lazima tusomeshe watu wetu wana haki pia. Jones alijifunza kwa njia ngumu kwa sababu njia nyingine haikuwapo. Sasa ipo, na hakuna utakatifu wa ziada katika kumzungusha mtu miaka 31 kwa kazi anayoweza kuandaliwa kwa minne. Mitume walikuwa wavuvi, ni kweli, lakini walikaa na Mwalimu miaka mitatu kabla ya kutumwa.

Ila tukimsomesha, tuwe tumekubaliana mapema kwamba atarudi ametubadilikia kidogo. Ataona mambo ambayo sisi hatuyaoni. Atauliza juu ya vijana wasio na kazi kando ya bandari, juu ya mama anayefukuzwa nyumba ya kupanga, juu ya hesabu zetu. Siku hiyo tusije tukamwambia yeye ni wa sauti ya tatu, akae mahali pake. Anayetuma mtu shuleni na asiwe tayari kumsikiliza akirudi, amepoteza karo yake na amemvunja mtu.

Kuhusu kinanda, kamati haijakisahau. Vile vidole vitatu vinatuumiza sisi pia, hasa katika tenzi za pambio. Fungueni bahasha zote mbili, na kila mmoja atie anachoweza pale anapoweza. Kitakachopatikana tutakitangaza Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, shilingi kwa shilingi, mbele ya kanisa lote.

Na mkipata nafasi mwaka huu wa jubilii, twendeni Rabai pamoja. Makumbusho ya Krapf yapo, na kanisa la mawe lipo. Tutasimama pale juu, kwenye mlima ule ambao msafara uliingia na bendera ya buluu, tuimbe wimbo mmoja kwa sauti nne, na wa sauti ya tatu asikosekane.

Mungu awabariki, na karibuni katika sherehe.

Kwa niaba ya kwaya na kamati ya jubilii,
Katibu wa Kwaya, Mbaraki